RELI NA BARABARA ZILIZOCHAKAA: NI NANI ATAKAYEZIBA UFA?

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wazee, viongozi wa vijiji na waalimu. Yanapigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasioweza kufika.)



Wengine wenu wamekuja kwa miguu, wengine kwa baiskeli na pikipiki, nasi twajua ya kuwa hakuna hata mmoja aliyefika hapa asiyekutana njiani na shimo, au kalvati lililojaa mchanga, au mahali ambapo mtaro umegeuka kuwa kijito. Kwa hiyo hatuna haja ya kueleza kwa maneno mengi ya kuwa njia mbovu ni taabu. Hayo mwayajua kuliko sisi. Tulilokusudia leo ni kueleza kwa nini njia huharibika, kwa nini kuijenga upya iliyokwisha kufa ni ghali kuliko kuitunza ingali hai, na ni sehemu gani ya kazi hiyo iliyo ya Serikali, na ni sehemu gani iliyo yetu sisi wenyewe.

Twaanza na habari ya reli, maana mtu akiifahamu habari ya reli, ya barabara haitamshinda.

JINSI RELI ILIVYOJENGWA

Zamani mizigo yote ya bara ilichukuliwa vichwani na mabegani. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, akaenda kwa miguu toka Bagamoyo hata Ujiji, safari ya miezi, na wengi hawakurudi kwao. Mwaka wa 1905 Wadachi walianza kujenga reli toka Dar es Salaam. Mwaka wa 1907 ikafika Morogoro, mwaka wa 1912 ikafika Tabora, na mwaka wa 1914 ikafika Kigoma, kando ya ziwa Tanganyika, masafa ya kilomita 1,250 hivi. Mikono iliyochimba na kujaza matuta ilikuwa mikono ya babu zetu. Mwaka wa 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wadachi wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi, na Waingereza wakayajenga tena. Mwaka wa 1928 ikafunguliwa njia ya kutoka Tabora hata Mwanza.

Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya vyuma vya reli, yalifanywa ya chuma mahali pengi badala ya mti, kwa sababu ya mchwa. Hapo twaona ya kuwa waliojenga walifikiri mbele. Walijua ya kuwa nchi hii ina adui zake, nao wakajikinga nao.

Reli hiyo sasa imepita umri wa miaka 100. Mtu akiona treni yaenda polepole, au imesimama siku mbili porini, husema, "Reli imezeeka." Ni kweli imezeeka, lakini umri peke yake hauiui reli. Ziko reli duniani zilizo kongwe kuliko hii yetu, na treni zapita juu yake kwa kasi kila siku, kwa kuwa kila chuma kilichochakaa kiliondolewa kikawekwa kingine kabla hakijavunjika.

ADUI WA KWANZA NI MAJI

Njia ya reli ina tabaka zake. Chini kabisa liko tuta la udongo ulioshindiliwa. Juu ya tuta ziko kokoto. Juu ya kokoto yako mataruma, na juu ya mataruma vimefungwa vyuma viwili vya reli. Watu wengi hudhani kokoto zimemwagwa pale kwa kupendeza tu. La, kokoto zina kazi mbili kubwa: huyashika mataruma yasisogee, nazo huyapitisha maji ya mvua yaende zake upesi.

Sasa tazameni kinachotokea kokoto zikiachwa zijae udongo. Maji hayapati pa kupita, hukaa. Treni ikipita, taruma hupanda na kushuka, hupiga tope lililo chini yake kama mchi unavyopiga kinuni. Kila pigo hulitoa tope juu na kuongeza shimo. Boliti hulegea. Chuma cha reli hupinda, na mwisho hupata ufa. Hapo mainjinia huamuru madereva waende polepole sana mahali pale, maana wakienda kwa kasi treni itaanguka.

Treni inayokwenda polepole huchukua mizigo kidogo. Ikichukua mizigo kidogo hupata fedha kidogo. Fedha zikiwa kidogo, matengenezo hupunguzwa tena, na mahali pa kwenda polepole huzidi. Wenye mizigo huchoka kungoja, huihamishia katika malori. Hivyo ndivyo reli inavyokufa: hukonda kama mgonjwa anayenyimwa chakula kwa sababu hawezi kulima.

Mfano wake ni reli ya TAZARA, iendayo toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia, kilomita 1,860. Ilijengwa kwa msaada wa Wachina baina ya mwaka wa 1970 na 1975, na mwishoni mwa miaka ile ya 1970 ilipata kuchukua mizigo zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka. Katika mwaka wa hesabu wa 2014/15 ilichukua chini ya tani 100,000. Milima na mito ilikuwa ile ile, na mahandaki na madaraja yake yalikuwa bado yamesimama. Kilichopungua kilikuwa injini zima, mabehewa mazima, na njia iliyo imara.

BONDE LA KILOSA

Mahali pa kujifunzia zaidi ni baina ya Kilosa na Gulwe. Hapo reli ya kati hupita katika bonde la mto Mkondoa, mto ambao juu yake huitwa Kinyasungwe. Mara nyingi mafuriko yamekata njia mahali hapo. Katika mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalichukua tuta, vyuma vikabaki vikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na safari za treni zikakatika kwa miezi. Watu wa Dodoma, Tabora, Mwanza na Kigoma, ambao hawakuuona mto ule siku hiyo, waliyaona matokeo yake katika bei za madukani.

Wataalamu, na Wajapani miongoni mwao, walikwenda kulichunguza bonde hilo. Jambo lililoonekana ni hili: mto hauleti maji peke yake. Huleta mchanga na udongo toka milima na nyanda za juu, ambako miti imekatwa na ardhi imelimwa na kulishwa ng'ombe bila kinga. Mchanga ule hutua chini, na kitako cha mto hupanda mwaka kwa mwaka. Daraja lililojengwa juu sana ya maji likajikuta karibu na maji, bila kushuka hata kidogo. Kisha mvua kubwa ikija, mto hukosa nafasi chini ya daraja, ukatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni tuta la reli.

Kwa hiyo reli ya Kilosa huanza kuvunjika mbali na Kilosa. Huanza katika shamba la mtu aliyelima mteremko wa juu, naye pengine hajapata kupanda treni maishani mwake.

BARABARA NAYO NI VIVYO HIVYO

Kila mtu hapa amepata kukaa katika nyumba ya udongo. Ajua ya kuwa ukuta wa udongo waweza kudumu miaka mingi sana ikiwa paa ni zima na maji hayapigi msingi. Paa likivuja mahali pamoja tu, msimu mmoja watosha kuangusha pembe. Barabara ni kama nyumba hiyo. Lami ndiyo paa lake. Mitaro na makalvati ndiyo yanayolinda msingi. Nyufa ndogo za lami huingiza maji, maji hulainisha udongo wa chini, lori likipita, lami hudidimia, shimo huzaliwa. Ufa ule ungeweza kuzibwa na watu wawili wenye lami ya moto. Shimo lahitaji gari zima la vifaa. Barabara iliyokufa yahitaji kufukuliwa yote na kujengwa upya.

Barabara ya changarawe haina paa, nayo kinga yake ni mgongo wake. Lazima iwe juu katikati na kushuka pande zote mbili, ili maji yakimbilie mtaroni. Greda likichelewa, mgongo huisha, barabara huwa bapa, kisha huwa kama mtumbwi, na maji hutembea katikati yake.

Adui wa pili wa barabara ni uzito. Huko Marekani, katika mkoa wa Illinois, baina ya mwaka wa 1958 na 1960 walijenga barabara za kujaribia, wakapitisha malori usiku na mchana wapate kujua ni uzito gani unaoharibu. Wakaona ya kuwa ekseli moja ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara hayawi mara mbili. Hufika kama mara 16. Hii ndiyo sababu ya mizani zile za barabarani, na ya sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2013 iliyoweka mwisho wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Mtu anayempa karani wa mizani rushwa ili lori lake lipite na magunia ya ziada, huiuza barabara ya watu wote kwa bei ya magunia yale.

HESABU YA FEDHA NA YA ROHO

Benki ya Dunia ilipiga hesabu, ikaitangaza mwaka wa 1994, juu ya barabara za Afrika katika miaka kumi iliyopita kabla yake. Ilionekana ya kuwa dola bilioni 12 kama zingalitumika kwa matengenezo kwa wakati wake, zingaliokoa dola bilioni 45 za kujenga upya. Waalimu na wawape watoto hesabu hiyo. Watajua ya kuwa kila dola moja iliyokosekana kwa utunzaji ilizaa deni la karibu dola nne. Wazee wetu hawakuwa na benki, nao walisema neno lilo hilo: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa kwa fedha. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya elfu haikuzuiwa na breki zake mteremkoni, ikarudi nyuma kwa kasi kubwa hata ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hatulitaji jambo hili ili tumlaumu mtu, wala kufungua majonzi ya waliofiwa. Twalitaja ili kila anayeshika spana, na kila anayekata matumizi ya spana katika hesabu za fedha, akumbuke ya kuwa treni huchukua watu. Na mahali pasipo reli, mama mwenye uchungu wa kuzaa akikwama usiku mbele ya kalvati lililovunjika, hesabu ni ile ile.

KAZI ILIYOFANYIKA

Si haki kusema ya kuwa hakuna kilichofanyika. Kwa sheria ya mwaka wa 1998 Tanzania ilifanya Mfuko wa Barabara, ambao hupata fedha zake katika tozo ya mafuta ya magari. Mwaka wa 2000 ikaanza Wakala wa Barabara kwa barabara kuu na za mikoa, na mwaka wa 2017 ukaanza wakala mwingine kwa barabara za vijijini na mijini. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliokubaliwa mwaka wa 2014, reli ya kati ilitengenezwa upya toka Dar es Salaam hata Isaka, kilomita 970. Reli ya kaskazini, ambayo majani na miti ilikuwa imeota juu yake, ilifufuliwa: Desemba 2019 treni ya abiria ikafika tena Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha, baada ya miaka zaidi ya 20.

Kadhalika mwaka wa 2017 ilianza kujengwa reli mpya iliyo pana, milimita 1,435, iendayo kwa umeme, ambayo katika milima ya Kilosa hupita ndani ya mahandaki. Mwaka wa 2024 ikaanza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Morogoro, kisha hata Dodoma. Sisi sote tumeifurahia.

Lakini twataka kusema neno moja juu ya furaha hiyo. Kila mtu hupenda kufungua kitu kipya. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, picha hupigwa. Hapana anayekata utepe kwa ajili ya mtaro uliozibuliwa. Wengine husema, "Maadamu tumepata reli mpya, ile ya zamani na itupwe." Wakumbuke ya kuwa siku reli mpya ilipoanza, watu wa Tabora, Kigoma na Mpanda walikuwa bado wanaitegemea ile ya zamani. Na hiyo mpya nayo ilianza kuzeeka siku ile ya kwanza. Mvua haitaiuliza bei yake.

KAZI ILIYO YETU

Najua yuko atakayesimama aseme, "Sisi twalipa kodi, matengenezo ni kazi ya Serikali." Ndugu huyo ana haki yake, wala hatutamnyamazisha. Hata mwenye pikipiki, anunuapo petroli, ametia fedha katika Mfuko wa Barabara. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, na diwani wake na mainjinia wana wajibu wa kumjibu kwa tarakimu. Kujenga daraja, kubadili vyuma vya reli, kumwaga lami, hizi ni kazi za Serikali, na zikichelewa lawama ni yake. Lakini yako mambo ambayo hakuna injinia atakayeweza kuyafanya ikiwa sisi tulio jirani na njia twamharibia nyuma yake.

La kwanza, mitaro. Mtu akijenga nyumba kando ya barabara hujaza udongo mtaroni ili apate kivuko cha kuingilia uani kwake. Mvua inayofuata hupanda barabarani. Aweke bomba au kalvati dogo chini ya kivuko chake. Na kila kijiji kizibue mitaro na makalvati kabla ya mvua kuanza, si baada ya barabara kukatika.

La pili, mashamba ya miteremko. Tulime kwa kukingama mteremko, tuchimbe makinga maji, tupande miti na majani. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza kulima ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Baada ya habari ya Kilosa, sababu yake twaijua.

La tatu, mifugo. Ng'ombe wakivuka tuta kila mahali hulibomoa. Wazee wa kijiji na wachague mahali pamoja pa kuvukia, pakubaliwe na wenye reli.

La nne, vyuma. Wako watu wanaofungua boliti za reli, mataruma ya chuma na alama za barabarani, wakaviuza kama vyuma chakavu. Mnunuzi akiliona taruma la reli hana udhuru wa kusema hakujua. Anayelinunua ni mwizi mwenzake, na damu ikimwagika ni yao wote wawili.

La tano, hifadhi ya barabara. Tangu sheria ya mwaka wa 2007, barabara kuu na za mikoa zina mita 30 kila upande toka katikati. Anayejenga humo ajua atavunjiwa. Na mzee anayemwonyesha mgeni kiwanja humo amemdhulumu.

La sita ni la waalimu hasa. Twaomba kila shule iwe na daftari la njia. Lionekanapo kalvati limeziba au daraja limepata ufa, iandikwe tarehe, mahali, na upana wa ufa uliopimwa kwa rula. Nakala moja iende kwa afisa mtendaji, moja ibaki shuleni. Wiki mbili zikipita bila jibu, iandikwe nyingine, na ya kwanza itajwe kwa tarehe yake. Lalamiko la mdomo husahauliwa. Barua yenye tarehe hudai jibu.

Na la mwisho, ambalo twaomba lifundishwe kwa kila mtoto anayeishi karibu na reli. Ukiona tuta limechukuliwa na maji, au chuma kimevunjika, usingoje kutafuta mkubwa. Mmoja akimbie au apige simu stesheni. Mwingine aifuate njia, akitembea kando yake, kilomita moja au zaidi kuelekea upande treni itokako, kwa kuwa treni nzito haisimami upesi kama baiskeli. Mchana apunge kitambaa chekundu, usiku taa nyekundu. Akikosa vyekundu apunge kwa nguvu kitu chochote alicho nacho. Asisimame juu ya reli. Dereva akimwona atafahamu.

Wazee na waalimu, hatukuja kuwaambieni ya kuwa mtaro mmoja utaiokoa nchi. Tumekuja kusema ya kuwa babu zetu waliichimba njia hii kwa majembe, nasi twaweza kuilinda kwa majembe yale yale wakati wa kudai kwa Serikali yale yanayozidi nguvu zetu. Msimu wa mvua hauko mbali. Mkirudi leo kwenu, tazameni kalvati la kwanza mtakalolipita, inameni, mchungulie. Mkiona mwanga upande wa pili, mshukuruni aliyelizibua. Msipoona, basi kazi ya kesho asubuhi mwaijua.